Seva ya Tatu Nyumbani kwa Shangazi

Siku aliyofariki mume wa shangazi yangu, jambo la kwanza wanawake walilofanya kule Wiyoni, mtaani kwake hapa Lamu, ni kuzima kila kitu. Ndivyo tulivyo. Nyumba ikiingiwa na msiba, televisheni huzimwa, redio hunyamazishwa, viti na meza hutolewa, mikeka hutandikwa ukuta hadi ukuta, na chochote chenye sauti au chenye taa ya kumetameta huondolewa machoni pa watu. Hakuna anayetoa amri na hakuna anayeulizwa. Mikono inajua yenyewe. Mimi nimefanya hivyo katika nyumba za watu tangu nilipokuwa msichana, wala sijawahi kusimama nikauliza kitu ninachokizima ni cha nani na kina kazi gani.

Siku ile walizima mashine yangu, na babangu alikuwa Faza.

Nianze na mashine, maana bila hiyo hamtanielewa, nami sina subira ya kusimulia jambo mara mbili.

Kazi yangu ni kutunza seva. Watu wa mjini wakisikia hivyo hunitazama kana kwamba nimesema nafuga majini. Seva ni kompyuta tu, ila haina raha duniani: haizimwi, hailali, kila saa inaulizwa na kila saa lazima ijibu. Zangu zinahifadhi kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati kadhaa ndogo za kujitolea hapa visiwani. Nani ana sukari, nani ana mimba, mtoto gani amechanjwa na yupi bado, mzee gani anakunywa dawa gani na ni sindano ipi asiguswe nayo.

Seva zenye kumbukumbu zilikuwa mbili, moja ofisini kwetu Lamu, nyingine ng'ambo ya maji, kwenye zahanati ya Faza. Kila moja ilikuwa na kumbukumbu zote, kamili. Muuguzi akiandika neno Faza, kufumba na kufumbua neno limefika Lamu, na la Lamu limefika Faza. Moja ikifa, nyingine inaendelea kuhudumia watu kana kwamba hakuna kilichotokea. Mbele ya hizo mbili tuliweka programu ya kugawa kazi, ili maswali yote yasiende kwa seva moja ikachoka na nyingine ikakaa bure. Mwenzangu wa ofisini ana jina lake la kitaalamu kwa programu hiyo. Mimi niliiita mume wa wake wawili, kwa sababu kazi yake yote ni kugawa zamu na kuomba Mungu asionekane anapendelea. Mwenzangu alicheka mpaka akamwaga chai. Ni mtu wa bara, Mkristo mwenye bidii ya kanisa, na mambo ya wake wawili huyasikia kwetu tu.

Kasoro ya seva mbili tuliijua mapema. Mawasiliano ya Lamu na Faza yakikatika, nayo yalikatika kama kawaida yake, kila seva ilidhani mwenzake amekufa. Basi ikajitawaza. Huku Lamu wanaandika yao, kule Faza wanaandika yao, na mawasiliano yakirudi una vitabu viwili vinavyopingana na kila kimoja kinaapa ndicho cha kweli. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Mtoto mmoja alichanjwa chanjo ileile mara mbili, Lamu na Faza, kwa sababu ya upuuzi huo. Hakudhurika, alhamdulillahi, lakini mamake alikuja ofisini akanitolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na yote nilistahili kuyasikia mimi, maana mashine haina masikio.

Dawa yake ni seva ya tatu. Hii haina kumbukumbu za mgonjwa yeyote. Ni kisanduku kidogo, kinatosha juu ya rafu, na kazi yake ni kuwa wa tatu tu. Sheria inasema hivi: seva isiyoona angalau mwenzake mmoja kati ya wawili, inyamaze. Isipokee neno, isitoe neno. Zinazoonana mbili ndizo zenye haki ya kusema. Mimi na mwenzangu tuliijadili sheria hiyo sana, na mpaka leo ukiniuliza nitakuambia ni sheria nzuri. Heri mashine inyamaze kuliko idanganye.

Kisanduku hicho kilihitaji kukaa mahali palipoinuka, penye umeme wa kuaminika, pa kuweka dishi la kuelekea Faza moja kwa moja bila kupitia mnara wa simu. Ili siku mnara wa Faza ukifa, Faza ibaki ikimwona huyo wa tatu, na kupitia kwake ionane na Lamu, kazi iendelee. Nyumba ya shangazi iko Wiyoni, juu, na paa lake halizibwi na kitu. Shangazi ni dada yake babangu, tumbo moja. Nilipomwomba nafasi sebuleni, alinitazama juu mpaka chini.

"Na wenziwe wawili wako wapi?"

"Mmoja mjini, mmoja Faza."

"Basi huyu wa tatu ndiye aloachwa," akasema, na akaondoa vikombe vyake vya harusi kwenye rafu kumpisha.

Mumewe ndiye aliyekipenda. Nilimwita ami, ingawa hakuwa ami yangu kwa damu. Alikifuta vumbi kwa pembe ya kikoi kila baada ya sala ya alasiri, na mgeni akinyosha mkono alimkaripia: "Wacha! Hicho ni cha hospitali, kikizimwa watu wafa." Tukimcheka. Taa yake ya kijani ikibadilika tu, simu yangu inalia: "Mwanangu, mgeni wako yeo hana raha tangu asubuhi." Alikuwa mlinzi ambaye pesa haziwezi kumnunua, na sikuwahi kumtafutia msaidizi, kwa sababu nani humtafutia msaidizi mzee wa nyumba katika nyumba yake?

Alifariki alfajiri, kwenye msala. Mauti ya kutamaniwa, watu walisema.

Nilimpigia babangu mimi mwenyewe. Babangu alipata kiharusi miaka ya nyuma, ulimi wake ukawa mzito. Mimi nilimwelewa, jirani yake alimwelewa akiwa na subira, mgeni hakumwelewa hata neno. Tangu hapo alikuwa anakunywa vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi isigande, na ukinywa vidonge hivyo kuna dawa nyingine za kawaida kabisa, za maumivu tu, ambazo hutakiwi kupewa, maana damu ikianza kutoka haisimami. Yote hayo yalikuwa kwenye faili lake. Mimi mwenyewe niliomba onyo lake liwekwe rangi nyekundu, juu kabisa, muuguzi asiweze kufungua ukurasa asilione.

"Baba, kaa," nikamwambia. "Usije. Njia ndefu, boti zinarusha. Tutakuombea udhuru kwa shangazi."

Akasema jambo refu. Mimi nililielewa. Alisema hawezi kuacha shemejiye azikwe na yeye amekaa kitini Faza kama mwanamke wa eda.

"Baba, nakuomba."

Akakata simu. Ubishi wangu mnadhani niliutoa wapi?

Nilifika Wiyoni jua limepanda. Kanga na mabuibui mlangoni, viatu vimejaa barazani. Shangazi alikuwa amewekwa chumba cha ndani. Nikaingia kumkumbatia, tukalia, nikatoka sebuleni nikatafuta pa kukaa. Nikaegemea ukuta. Chuo cha Yasini kikanifikia mkononi, nikakifungua, nikasoma na wenzangu. Nasema hili kwa sababu baadaye nililipigia hesabu kichwani mara nyingi sana: niliegemea ukuta uleule wenye rafu ile. Rafu ilikuwa juu ya kichwa changu, tupu. Sikuinua macho. Nani anatazama rafu kwenye msiba?

Adhuhuri ilipoadhiniwa, wanaume walibeba jeneza kwenda msikitini na kisha makaburini. Kwetu mwanamume hapishani na jeneza akaendelea na shughuli zake, huligeukia akaliandama, basi uchochoro mzima ukabaki wa wanawake. Hawajafika mbali, simu yangu ikatetemeka. Alikuwa jirani wa babangu, yule wa Faza.

"Babako ameanguka," akasema. "Kwenye kizingiti, akitoka tena kwenda kuulizia boti bandarini. Kanzu imemnasa mguuni. Kichwa kimepiga jiwe, mkono umemvimba, analia maumivu. Twampeleka zahanati sasa hivi."

"Sikiliza," nikasema, "sikiliza sana. Mwambie muuguzi anakunywa vidonge vya—"

Kimya. Nikatazama simu. Nikapiga tena. Yule mwanamke wa mtandao wa simu akaniambia kwa adabu yake yote kwamba mteja hapatikani. Nikapiga ya zahanati, haipatikani. Nikapiga kwa fundi cherehani wa Faza, kwa mwalimu wa madrasa, kwa kila namba ya Faza niliyokuwa nayo. Faza nzima haipatikani. Mnara umekufa.

Sasa nitasema kweli: sikuogopa mno. Nikajiambia, basi, ndiyo kazi yake, ndiyo maana tuliijenga. Mnara umekufa lakini dishi la Wiyoni liko. Muuguzi atafungua ukurasa, ataona nyekundu, yatakwisha. Muuguzi mwenyewe alikuwa mgeni, amehamia juzi kutoka bara, hamjui babangu hata kwa sura. Lakini ndiyo maana ya kumbukumbu. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo, nikarudi kwenye Yasini.

Kisha mwenzangu akapiga kutoka ofisini.

"Sista, pole na msiba. Sikutaka kukusumbua. Lakini Faza imepotea, na wa Wiyoni pia simwoni."

"Humwoni vipi? Niko naye chumba kimoja."

"Simwoni tangu asubuhi. Nilidhani ni umeme tu, atarudi. Sasa Lamu iko peke yake, imenyamaza. Na Faza kama haimwoni Wiyoni, itakuwa pia imenyamaza."

Ndipo nikainua macho. Rafu tupu. Alama tu ya vumbi, mraba, pale kisanduku kilipokuwa kimekaa.

Nilisimama katikati ya Yasini. Nikamwendea bibi mmoja, jamaa wa shangazi, aliyekuwa anasimamia mambo ya sebuleni, nikamnong'oneza.

"Bi, kilikuwapo kisanduku hapa, chenye taa."

"Tumekizima, mwanangu. Na televisheni, na feni ile ya kelele. Nyumba ina msiba."

"Kiko wapi?"

"Kwenye stoo. Vyote viko stoo."

Stoo ilikuwa uani. Mlango wa mbao wa kizamani, mzito, wenye kufuli kubwa. Nikarudi mbio.

"Ufunguo?"

"Ah, amefunga kijana mkubwa wa marehemu, maana watu wengi. Anao yeye."

"Yuko wapi?"

Akanitazama kwa huruma. "Amekwenda kumzika babake, hujui?"

Nikampigia huyo mtoto wa shangazi, mtu mzima mwenye watoto wake. Simu ikaita. Ikaita chini ya mto, sebuleni, hatua chache kutoka niliposimama. Mwanamke mmoja akaitoa, akaibonyeza ikanyamaza, akairudisha chini ya mto. Simu pia ina taa na sauti.

Sasa nawaomba mfikirie. Babangu yuko Faza, kitandani, hawezi kusema anachokunywa. Mbele ya muuguzi iko mashine, na ndani ya mashine hiyo, si Lamu, si Nairobi, mle mle chumbani, liko neno lenyewe kwa rangi nyekundu. Na mashine inakataa kulisema, kwa sababu iko peke yake na imefundishwa kwamba aliye peke yake anyamaze. Mimi nalijua neno hilo kwa moyo na sina wa kumwambia. Kitu pekee kinachoweza kutuunganisha kiko nyuma ya ubao wa mlango, kimelaliwa na magodoro, hakina kosa lolote, kinangoja kuchomekwa tu.

"Bi," nikamwambia yule bibi, "tuuvunje mlango."

"Astaghfirullah!"

"Kile kisanduku ni cha hospitali. Kuna mgonjwa Faza."

"Mgonjwa yuko Faza, nawe wamtafutia dawa stoo ya Wiyoni?"

Ningemweleza mambo ya wawili kati ya watatu? Ningeweza kumwambia mgonjwa huyo ni nani. Neno lilifika hapa, kooni. Lakini mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi, na ndani amekaa shangazi, ametoka kuvishwa nguo nyeupe za eda, mumewe hajafukiwa, na mgonjwa ni kaka yake wa pekee. Nikalimeza.

Mwenzangu akapiga tena. "Sista, mimi naenda Faza mwenyewe. Niambie hiyo dawa."

Nikamtajia herufi kwa herufi. Akasema ameiandika mkononi kwa kalamu. Baada ya kitambo akapiga tena, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Maji yamekupwa. Manahodha wanasema mkondo wa Mkanda umekauka, boti haipiti mpaka yajae. Nimewaambia nalipa mara mbili, wananicheka."

"Hawakucheki," nikamwambia. "Mkanda ukikauka umekauka."

Ndipo hasira ikanipanda. Mimi ni mtu wa hasira, wanijuao wanajua, na mpaka siku ile hasira yangu ilikuwa haijanikosesha kitu. Ukinikasirisha natafuta njia na njia inapatikana. Nikaenda jikoni nikachukua mchi wa kinu, nikatoka uani, nikaupiga mlango ule. Mara ya kwanza ukatoa vumbi. Mara ya pili kufuli likaruka na kurudi pale pale. Ala! Wazee wetu walijua kuchonga milango. Kabla ya mara ya tatu, wanawake walikuwa wamenivaa, huyu kiunoni, huyu mikononi, mchi ukachukuliwa.

"Niachieni!"

"Subira, mwanangu, subira. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Sote ndia ni hiyo hiyo."

"Niachieni, jamani, niachieni!"

"Mshikeni vizuri asijiumize."

Wakanikalisha chini, mikono yao ikinipangusa uso, kifua, kichwa. Wenyewe wanalia. Nikasikia mmoja akiwaambia wengine, "Mwacheni alie. Marehemu alikuwa ni kama babake."

Wallahi sijapata kusikia neno likaniumiza vile, na limesemwa kwa mapenzi.

Nikataka kwenda makaburini. Nikafika mlango wa nje. Mama mmoja akausimamia na mikono yake miwili, si kwa ukali. "Wenda wapi? Makaburini hatwendi sisi." Nilimjua mama huyo. Aliniosha nilipozaliwa. Ningemsukuma? Nilikaa kwenye kizingiti pale, kichwa changu kwenye nguzo ya mlango, nikasubiri wanaume wamalize kumzika ami yangu. Nikawa nawaombea wafanye haraka, kisha naona haya kuomba mtu afukiwe haraka, kisha naomba tena. Maombi ya siku ile Mungu ndiye ajuaye aliyapokea vipi. La kuvunda halina ubani.

Walirudi. Walikuja polepole, kanzu zimechafuka magoti, wakiambiana maneno ya pole. Mtoto wa shangazi alikuwa nyuma yao, kwa sababu ndiye aliyeingia kaburini kumpokea babake. Nikamvamia.

"Ufunguo wa stoo."

Hakuuliza kwa nini. Alitia mkono mfukoni akanipa. Ulikuwa na mchanga wa kaburi kwenye meno yake, na kufuli likakataa kwanza, nikaupuliza, nikaufuta kwenye buibui langu, likakubali.

Kilikuwa chini ya magodoro mawili na televisheni. Mtu alikuwa amekifunika kwa leso safi, kwa heshima. Nikakibeba mpaka sebuleni mbele ya watu wote, nikakichomeka, nikachomeka na waya wa dishi. Wanawake wakaangaliana. Nikasema, "Kiacheni," na nadhani uso wangu ulisema zaidi, maana hakuna aliyekigusa. Taa ikawaka nyekundu, ikafikiri, ikafikiri. Ikawa kijani.

Simu ikalia. Mwenzangu alikuwa bado bandarini na kompyuta yake magotini.

"Sista! Wanaonana! Faza imeamka! Wote watatu wanaonana!" Alikuwa anacheka kama mtu aliyefunga goli.

Nilikuwa nimeshafungua mfumo kwenye simu yangu, nikaandika jina la babangu, na ukurasa wake ukaja. Kila kitu kilikuwapo. Vidonge, kipimo chake, tarehe za kurudi kliniki. Na onyo letu, jekundu, juu kabisa. Hata nukta haikuwa imepotea. Nililitazama, nikasema moyoni, sasa ataona, sasa muuguzi ataona.

Ukurasa ukabadilika mbele ya macho yangu. Chini ya mistari ya zamani ukaingia mstari mpya, unatoka Faza, muuguzi anaandika yale aliyoyaweka kwenye karatasi mashine ilipokuwa imenyamaza. Aliletwa na majirani. Ameanguka, jeraha la kichwa, mkono. Hawezi kujieleza. Dawa anazotumia hazijulikani. Amedungwa sindano ya maumivu. Jina la sindano nililijua kabla sijalisoma. Ametapika. Amepoteza fahamu. Mistari ilikuja mmoja mmoja, kama mtu anayepanda ngazi, nami siwezi kumzuia. Nilishika simu kwa mikono miwili. Wa mwisho ulikuwa mfupi, una saa ya kufariki, na saa hiyo ilikuwa imeshapita nilipokuwa nimekaa kizingitini.

Seva ya Faza ikaupokea mstari huo, ya Lamu ikaupokea, ya Wiyoni ikashuhudia. Hakuna iliyobisha.

Simlaumu muuguzi. Naandika hili wazi, maana watu walitaka kumlaumu na nikawafokea. Alikuwa na mzee anayelia maumivu na mashine isiyomjibu. Angefanya nini? Daktari mmoja wa mjini aliniambia baadaye kwamba kwa pigo lile la kichwa na damu ile nyepesi, huenda hata bila sindano asingepona. Huenda. Neno hilo nimelichukia kuliko maneno yote ya Kiswahili. Ningeambiwa ndiyo, ningelia. Ningeambiwa la, ningelia. Huenda haliliki.

Wanaume wengine walipelekwa Faza maji yalipojaa, na mimi nao, na mwenzangu aliyekuwa na jina la dawa limeandikwa mkononi. Njia nzima aliuficha mkono huo ndani ya mkono wa shati. Nyumbani kwa babangu wanawake walikuwa wameshafika. Televisheni imegeuzwa ukutani, redio yake ya mezani imetolewa betri, mikeka imetandikwa. Iliyozima ni mikono ileile inayojua. Nikaingia nikakaa nao.

Shangazi aliambiwa habari za kakake na watu wengine. Walimwambia: alianguka akija kumzika shemejiye, akafa kwa kuanguka. Ndivyo inavyosemwa, na si uongo. Yuko kwenye eda, hatoki, basi mimi nakwenda kumwangalia kila nipatapo nafasi. Amekonda. Hajapata kunizungumzia mashine, mpaka siku moja nilipokuwa naondoka.

"Mwanangu, keti."

Nikaketi. Kisanduku kiko juu ya rafu, kijani. Vumbi lilikuwa limefutwa. Nikaona pembe ya leso yake nyeupe ina alama ya vumbi, nikaelewa.

"Siku ile ya msiba," akasema, "nasikia wanawake walikizima hiki. Nasikia wewe ulikasirika sana, ukapiga mlango."

"Nilikuwa na majonzi, shangazi."

"Walikizima kwa heshima. Marehemu angekuwapo wasingethubutu, alikuwa mkali kwacho." Akakitazama. "Alikuwa akisema kikizimwa watu wafa. Mimi nikimcheka."

Nikajishughulisha na viatu vyangu.

"Nakuuliza, mwanangu, maana usiku silali. Pale kilipokuwa kimezimwa, yuko mtu aliyedhurika?"

Mimi ni mtu wa ulimi mkali. Nimefoka ofisini, nimefoka bandarini, nimepiga mlango kwa mchi mbele ya matanga. Lakini ameketi na nguo zake nyeupe, ananingoja, ana macho ya babangu.

"Hakuna, shangazi," nikamwambia. "Hakuna aliyedhurika."

"Alhamdulillahi," akasema, na akanyosha pembe ya leso kukifuta tena.